Alisema Nimetikisika

Kwa miaka kumi na mmoja nilifahamiana na mtu ambaye hakuwahi kunipa nafasi ya kumjibu, na kosa halikuwa lake peke yake. Nusu lilikuwa la mashine. Alikuwa mpiga picha za mionzi katika kliniki moja ya meno hapa Arusha mjini, ghorofani, juu ya duka la vitambaa. Mtaani kwetu Moshono, alikokuwa jirani yangu wa nyumba ya tatu, wakubwa kwa wadogo walimwita Mzee wa Picha, nami nitamwita hivyo hivyo. Kliniki sitaitaja, na mambo mawili matatu nimeyageuza ili asipatikane mtu wa kwenda kuitafuta.

Kazi yake ilianza kwa kukunyang'anya mdomo. Unavua miwani, unavalishwa koti zito la madini ya risasi la kuzuia mionzi, unaweka kidevu kwenye kibao, unang'ata kijiti cha plastiki, kisha vibano viwili vinashika kichwa juu ya masikio. Hapo huwezi kugeuka, huwezi kusema, na ukitaka kumeza mate lazima ufikirie kwanza. Mashine yenyewe huzunguka kichwa kwa sekunde chache tu. Kukupanga ndiko kulikochukua dakika kumi, na dakika hizo kumi zilikuwa mali yake.

"Mama hajambo kule Olmotonyi?" aliniuliza mara ya kwanza niliponaswa. "Hajambo. Umeenda kumwona mwezi huu? Hujaenda. Shusha bega. Mwezi uliopita je? Nao hukwenda. Uliandika makala ndefu gazetini kuhusu wazee kutelekezwa, mimi niliisoma yote, nikampa na mke wangu. Kidevu mbele kidogo. Hapo hapo."

Nilitoa sauti fulani.

"Najua, kazi nyingi," alisema.

Moshono nzima ilijua tabia hiyo. Mzee wa Picha akiwa na jambo zito la kukuambia, hakufuati nyumbani, wala hakusimamishi barabarani baada ya ibada. Alisubiri jino lako liume. Mwenyekiti wetu wa mtaa alikaa na jipu la jino wiki mbili akila uji tu kwa sababu alijua akienda ataambiwa habari ya mfereji aliouziba. Alipokwenda hatimaye, aliambiwa habari ya mfereji, na ya shemeji yake pia.

Mimi ni mtu ninayeishi kwa kusema neno la mwisho. Naandika makala, nahariri vitabu vya shule, na nilisoma chuo kikuu Dar es Salaam kwa miaka ya kutosha kuamini kwamba kila hoja ina jibu na jibu hilo ninalo. Watu huniita mwalimu ingawa sijamfundisha mtu tangu mafunzo ya vitendo, nilipofundisha majuma saba na wanafunzi wakapumua nilipoondoka. Kwa mtu kama mimi, kile chumba kilikuwa shule.

Lakini juu ya picha zenyewe, mzee yule aliyesema kila kitu hakusema kitu. Unashuka kwenye mashine, taya limechoka, unamuuliza, "Mzee, umeona nini?"

"Nimeona picha."

"Ikoje?"

"Imetoka."

"Ni mbaya?"

"Mimi napiga. Anayesoma ni daktari."

Hiyo ndiyo ilikuwa sheria ya kazi yake, na aliishika kama wengine wanavyoshika kiapo cha ndoa, pengine zaidi. Alifundishwa kupiga, hakufundishwa kusoma. Cheti chake kilisema hivyo, na mpiga picha anayemwambia mgonjwa alichokiona, au anayemsahihisha daktari, hupoteza leseni. Tatizo ni kwamba mtu aliyetazama vichwa vya watu kwa ndani kwa miaka thelathini na ushee hawezi kujizuia kuona. Alikuwa kama mtu anayeletewa barua za watu zikiwa wazi, akaamriwa azipange kwa ukubwa.

Meno tu ndiyo aliyoruhusiwa kuyasema, yale ya mbele yanayoonekana na kila mtu. Sisi wa kuzunguka Mlima Meru tunajulikana kwa meno ya kahawia. Maji ya chemchemi zetu yana madini yanayoyapaka rangi toka utotoni, wengine madoa, wengine mdomo mzima. Yake yalikuwa rangi ya chai ya rangi iliyokaa sana, na alicheka nayo yote nje. Alikuwa akimwangalia mtu anavyotabasamu, akamwambia alikokulia. Mheshimiwa mmoja alishikilia kwamba yeye ni mzaliwa wa mjini kabisa. "Sawa mheshimiwa," alisema Mzee, akamvalisha koti. Kijiti kilipoingia mdomoni, akaendelea: "Huo mji wako ulikuwa unachotewa maji na punda. Ng'ata. Na ninahisi ni upande wa Ngarenanyuki. Usicheke, picha itaharibika."

Binti mmoja alikuja akitaka meno manne mazima ya juu yang'olewe kwa sababu ya rangi, apandikizwe meupe kabla ya harusi. Daktari alikuwa tayari. Mzee alipomaliza kumbana kwenye mashine alisogea mbele yake, akaachia tabasamu lile la chai, akakaa nalo muda mrefu. "Haya yametafuna mahindi ya kuchoma miaka sitini," alisema. "Hayo utakayowekewa yatatafuna nini? Keki?" Binti aliondoka na meno yake. Mzee aliitwa ofisini akaonywa.

Alikuwa na mikono mipana ya mkulima wa kahawa, kucha fupi, na harufu ya sabuni ya kufulia. Chupa yake ya chai ilikaa nje ya mlango wa chumba, kamwe si ndani, kwa kuwa aliogopa mionzi kuliko mtu yeyote niliyewahi kumwona. Alimfukuza kila aliyesimama karibu na mlango. "Mionzi si maji ya mgeni," alisema, "hatumpi kila anayepita." Mgonjwa akija wiki mbili mfululizo kutaka picha nyingine isiyo na sababu, alidai umeme hautoshi, na feni ikizunguka juu ya vichwa vyao.

Ndiyo maana jambo lililonipata mimi lilinishangaza.

Jino langu la juu, la nyuma upande wa kulia, lilivunjika msibani. Kulikuwa na jiwe ndani ya makande, na mtu hawezi kutema chakula mbele ya wafiwa, basi nikalitafuna kwa heshima. Likang'olewa siku hiyo hiyo, kwingine, na mtu mwenye nguvu na haraka. Nilikaa na pengo miaka minne. Mke wangu akasema nimeanza kucheka upande mmoja kama mtu anayeficha deni, na dada yangu akaniteua msemaji wa familia kwenye sendofu, sherehe ya kumuaga binti yake kabla ya harusi. Nikaenda kuomba jino la kupandikiza: skrubu inafungwa ndani ya mfupa, juu yake linavishwa jino.

Daktari alikuwa kijana mpole, mwenye vidole vyembamba na ratiba iliyojaa. Alinieleza kwamba juu ya meno ya nyuma, ndani ya shavu, kila mtu ana uwazi wenye hewa. Wenyewe huuita sainasi. Mzee aliuita chumba. Jino likitoka, sakafu ya chumba hicho hushuka taratibu na mfupa chini yake hupungua, kama kitako cha sufuria ya zamani. Skrubu ikikuta mfupa mwembamba inapenya, inaingia chumbani, na huko haina wa kuishika. Kwa hiyo kabla ya kufunga lazima ipigwe picha, ipimwe sakafu, itazamwe na hali ya chumba chenyewe.

Nikanaswa tena. Mzee alinipanga kimya siku hiyo, jambo ambalo lingenitia wasiwasi kama ningekuwa na akili. Mashine ikazunguka. Picha ilitokea kwa pamoja kwenye skrini yake na ya daktari chumba cha pili, mlango kati yao ukiwa umeshafunguliwa tena.

"Safi," daktari alisema kutoka huko. "Mfupa unatosha. Tunafunga Ijumaa."

Nilimwona Mzee kwa pembe ya jicho, ameinama kwenye skrini, pua karibu iguse kioo.

"Ametikisika," alisema. "Narudia."

Sikuwa nimetikisika. Nilikuwa nimesimama kama nguzo ya simu. Nilitaka kusema hivyo, lakini nilikuwa na kijiti mdomoni. Nikatoa zile sauti. "Tulia, mwalimu," alisema, akanishusha kidevu, akazungusha tena.

"Mzee, hii nayo iko sawa," daktari aliita. "Sehemu ya mfupa inaonekana vizuri kabisa."

"Ametikisika tena."

Siwezi kueleza hasira ya mtu mzima anayeshutumiwa kwa kosa ambalo hakufanya huku amebanwa kichwa. Watu wawili wanajadili shavu lako, mmoja anakusingizia, na wewe unadondosha udenda kwenye koti la risasi. Niliamua kwamba nikishuka nitasema maneno ambayo jirani hasahau. Mara ya tatu aliniinua mabega, akanisogeza nyuma, akabadilisha kitu kwenye mashine ili picha ichukue eneo kubwa zaidi, juu hadi chini ya jicho. Kisha akaenda mwenyewe mlangoni kwa daktari.

"Sasa hii imetoka yote," alimwambia. "Iangalie yote, daktari. Mimi sijui kusoma."

Safari hii daktari aliitazama hadi pembeni. Akaja, akanitoa kijiti kwa mkono wake mwenyewe.

"Mwalimu, upande huu wa pua, asubuhi, unasikia harufu mbaya?"

Nilikuwa naisikia miaka minne. Nilikuwa nimemlaumu jirani wa nyumba ya pili na karo lake la maji machafu, na nilishaandika makala kuhusu hilo pia. Kumbe kipande cha mzizi wa jino langu kilikuwa kimesukumwa juu siku ya kung'olewa, kikaingia chumbani, kikalala nyuma kabisa kwenye usaha wake. Skrubu ya Ijumaa ingefungwa chini ya hapo. Picha mbili za kwanza zilikionyesha pembeni tu, kivuli kama ukucha, mahali ambapo mtu anayepima mfupa hatazami.

Nilitibiwa. Kipande kilitolewa. Nikaishia kuamini kwamba kumbe kweli nilikuwa nimetikisika na kwamba kutikisika kwangu kuliniokoa kwa bahati. Mama wa mapokezi, nesi wa siku nyingi aliyejua siri zote za jengo lile, alinisikia nikimsimulia mtu hivyo akanivuta pembeni.

"Kaka yangu, wewe umesoma halafu huoni? Yule baba akikwambia umetikisika, mshukuru Mungu halafu nyamaza."

Nikaanza utafiti ambao hakuna aliyeniomba. Niliuliza watu mtaani, kanisani, kwenye foleni ya benki. Mwalimu mstaafu wa chuo cha misitu Olmotonyi aliniambia, "Mimi nitikisike? Mwanangu, nimeishi na miti maisha yangu yote, nasimama kuliko miti yenyewe. Akapiga mara tatu." Walimkuta na uvimbe chini ya jino. Mama mmoja mfuga ng'ombe wa Kisongo alirudiwa mara mbili na kuambiwa asipumue kwa nguvu. Ukutani mwa chumba chake cha shavuni mlikuwa na tundu. Wote walikuwa na uhakika kwamba hawakutikisika, na wote, walipoulizwa na ndugu zao, walikiri kwamba labda kidogo.

Hivyo ndivyo alivyokuwa amepata njia ya kusema bila kusema. Alichukua sheria iliyomfunga mdomo, akatafuta upenyo mmoja ndani yake: mpiga picha hana ruhusa ya kusoma, lakini ana wajibu wa kurudia picha mbaya. Basi aliiita mbaya. Aliiita mbaya mpaka daktari achoke na atazame. Mtu aliyeogopa mionzi kiasi cha kutoweka chupa ya chai chumbani alituchoma nayo mara mbili tatu, na nesi aliniambia Mzee alimkumbuka kwa sura kila aliyemrudia, ndio hao aliowadanganya kwamba hakuna umeme wakija tena kwa jambo dogo.

Siku hizi Mzee hayuko tena kliniki. Mrithi wake ni binti mwerevu, mpole, ana diploma mpya na hasemi neno la ziada. Nilienda kwake mwaka huu, maana jino bado sijapandikiza. Alinipiga picha moja.

"Tayari, baba."

"Sikutikisika?"

"Hapana, baba. Umekaa vizuri sana."

Nilikaa kwenye benchi la mapokezi nusu saa nzima. Huenda ndani ya shavu langu mlikuwa safi. Huenda pia hakuna aliyetazama. Sikuwa na njia ya kujua ni ipi kati ya hizo mbili, na pengo bado ninalo.

Kilichomwondoa Mzee ni mashine mpya iliyoletwa kliniki. Ile ya zamani ilisahau, hii inahesabu. Kila mzunguko unaandikwa, jina la mgonjwa, saa, na sababu ya kurudia. Meneja naye alikuwa mpya, mtu wa heshima, si mtu mbaya, na mbele yake ilikaa orodha iliyoonyesha kwamba mpiga picha mmoja mwenye umri mkubwa hurudia kuliko kawaida, na kila mara sababu ni ile ile. Alimwita mara ya kwanza, akamwita mara ya pili. Akamwambia kwa upole kwamba ama macho yamechoka ama mikono haipangi wagonjwa sawasawa, na kwamba watu wanapigwa mionzi bure. Akampa mpaka Jumatatu alete maelezo ya maandishi.

Unaona mtego wenyewe. Akinyamaza, anaondoka kama mzee aliyeharibikiwa, mwenye kuunguza watu kwa uzembe, baada ya miaka yote hiyo. Akisema ukweli, amekiri kwamba alikuwa akisoma picha asizoruhusiwa na kuwadanganya wagonjwa, na leseni inakwenda, na madaktari aliofanya nao kazi wataanza kuulizwa maswali. Nesi ndiye aliyeniambia. Aliniambia akilia, na alikuwa mtu ambaye nilidhani halii.

Nikaandika barua. Niliandika siku mbili. Kurasa nne, aya zenye mpangilio, ushahidi wa mwalimu wa misitu na mama wa Kisongo, na shavu langu mwenyewe likiwa kielelezo kikuu. Nilimtetea kwa kila neno zuri nililonalo. Sijawahi kuandika kitu bora zaidi, na nilijua hivyo, jambo ambalo lilipaswa kunishtua.

Jumamosi nikampelekea akaone kabla sijaipeleka kwa meneja. Hakuwa Moshono. Mwisho wa wiki alipanda kwenye kihamba chake huko mlimani, ekari moja ya migomba na kahawa iliyozungukwa na masale, mimea ya majani marefu inayopandwa mpakani. Nilimkuta akipogolea kahawa, kofia ya sufu kichwani ingawa jua lilikuwa kali.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Leo umekuja mwenyewe, bila jino kuuma."

Mkewe akatuletea chai na ndizi za kuchemsha chini ya kivuli cha ukuta. Nikampa kurasa zangu. Alisoma polepole, akirudi nyuma mara kwa mara. Nilimtazama usoni kama wote tunavyomtazama anayesoma maandishi yetu, nikisubiri sifa.

"Umeandika vizuri," alisema. "Umeshaipeleka?"

"Bado."

"Usiipeleke."

Nikaanza kubishana. Kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na mmoja nilikuwa na mdomo wangu mbele yake, na niliutumia wote. Nilimwambia habari za haki, za heshima, za wote aliowaokoa. Aliniacha nimalize. Kisha akaweka kikombe chini.

"Hapa umeandika, 'hakuna mgonjwa hata mmoja aliyepotea mikononi mwake.' Nani alikwambia?"

Niliinama kuitazama sentensi yangu.

"Alikuwepo mama mmoja wa Ngarenanyuki," alisema. "Zamani kidogo, kwa daktari mwingine, alishahama. Watoto wake walitaka apandikizwe meno ya juu, yote yaliyotoka. Nikampiga. Chumba cha kushoto, ukuta wa nyuma umeliwa. Si usaha. Usaha naujua. Nikasema ametikisika. Nikarudia. Nikarudia mara nne, mwalimu. Daktari akapima mfupa mara nne. Mara ya nne akanikaripia, akasema nimwachie mama wa watu apumzike. Nikamwachia."

Mkewe alikuwa amesimama mlangoni. Akarudi ndani taratibu.

"Wakafunga skrubu zao. Alirudi baada ya miezi kama tisa, shavu limevimba, jicho limesukumwa nje. Wakamleta kwangu tena apigwe picha. Namvalisha koti, unajua aliniambia nini?"

Akakigeuza kikombe chake pale chini.

"Aliniambia, 'Baba, nisamehe kwa ile siku. Safari hii sitatikisika.'"

Migomba ilikuwa ikipigana na upepo.

"Alidhani ni yeye. Alikaa miezi tisa akidhani ugonjwa ule haukuonekana kwa sababu yeye hakutulia. Watoto wake nao walimlaumu hivyo, aliniambia. Mama alikuwa ametulia kama maji ya mtungi. Na mimi nikamjibu, 'Haya mama, ng'ata.' Basi. Hakumaliza mwaka."

"Hukuweza kusema, Mzee. Sheria..."

"Niliweza. Mdomo wangu haukuwa na kijiti."

Baada ya muda aliniambia kwamba mama yule alipozikwa alikata jani la sale kwenye ule mpaka, akalifunga fundo kama tunavyofanya huku mtu akienda kuomba msamaha, akasafiri nalo hadi Ngarenanyuki. Akafika kwenye geti la wale watoto. Huwezi kumpa mtu sale halafu ukakaa kimya. Lazima utaje kosa unaloombea. Alisimama pale mpaka mbwa wakamzoea. Akarudi nalo.

"Ukipeleka hii," akagonga kurasa zangu kwa kidole, "nitakuwa mtu aliyekuwa anaona. Watasema, Mzee alikuwa anaona. Itafika Ngarenanyuki, habari nzuri zinasafiri. Na wale watoto watauliza, kama alikuwa anaona, mama yetu je?"

"Labda wana haki ya kuuliza."

"Wanayo," alisema. "Mimi ndiye sina ujasiri wa kujibu. Nakwambia wewe kwa sababu huwezi kunifanya kitu."

Nilifikiri amemaliza. Lakini aliingia ndani akatoka na karatasi nyeupe na kalamu, akavifuta vumbi kwenye suruali, akaviweka mbele yangu.

"Mwandiko wangu ni wa hospitali, hausomeki. Niandikie wewe. Andika kwamba mikono yangu inatetemeka, macho yamepungua, wagonjwa nilikuwa siwapangi vizuri. Naomba kupumzika."

"Mzee, huo ni uongo."

"Ndiyo. Hata wao watauamini kuliko huo ukweli wako wa kurasa nne. Andika."

Ningeweza kukataa. Nimeshafikiria njia kumi za kukataa tangu siku ile, zote nzuri. Lakini alikuwa amekaa mbele yangu, amenikabili magoti kwa magoti, na nikaandika. Alipotaja mikono aliniambia niongeze "muda mrefu". Aliposikia nimeandika "kwa masikitiko makubwa" akaniambia niondoe masikitiko, meneja hajamkosea. Alikataa sentensi moja iliyowalaumu wagonjwa. "Andika hawakutikisika," alisema. "Andika kosa lilikuwa langu kila mara. Hilo liandike wazi." Alitaka lirudiwe, nikalirudia. Kisha akatia saini na tarehe, akakunja karatasi mara tatu, akaomba niipeleke mimi, kwa kuwa Jumatatu angekuwa na vibarua wa kahawa.

Sikumwomba anirudishie kurasa zangu nne. Alikuwa ameshaziweka chini ya sinia la ndizi, na alipoliinua sinia aliziinua nazo, akaingia nazo jikoni.

Jumatatu asubuhi nilipanda zile ngazi juu ya duka la vitambaa. Nesi aliniona na bahasha, akadhani ni ile aliyokuwa akiisubiri, akanishika mkono kwa mikono yake miwili. Sikumwambia. Meneja alinipa kiti, akasoma barua yote, akaisoma tena, akavua miwani.

"Kusema kweli nilikuwa nakosa usingizi kwa ajili ya huyu mzee," alisema. "Sasa amenirahisishia. Ni wewe uliyemsaidia kuandika?"

"Ni mimi."

"Inaonekana. Imeandikwa vizuri sana, mwalimu. Imenyooka. Mtu akiisoma anaamini kila neno."

Nikamwambia asante.